Unaenda misheni? Anzia jikoni kwa mama yako

Tangu nirudi Lubumbashi, vijana wa kigingi chetu (kundi la matawi ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho) wanaopata wito wa kwenda misheni wananifuata baada ya ibada ya sakramenti na maswali yale yale. Watu wa kule ni wagumu? Wanafunga milango? Kifaransa chao kinaeleweka? Mimi nilitumwa Abidjan, Ivory Coast, na ninachowauliza kwanza ni kama wanajua kupika. Wanacheka, wanadhani natania.

Sitanii. Milango ya watu utaizoea mapema. Kinachowachosha vijana wetu kiko sehemu mbili ambazo hazitajwi siku ya kukuaga: nyumba unayolala na mwenza wako, yaani mmisionari uliyepangwa naye, na simu ya Jumatatu ya kuongea na nyumbani.

Tuanze na nyumba. Kijana wa Katuba, hapa Lubumbashi, mwenye dada wengi hajawahi kusugua sufuria mpaka ikatakata. Wavulana tunaruhusiwa kwenda kuanzia miaka 18, kwa miaka miwili, kwa hiyo wengi tunatoka moja kwa moja kwenye chakula cha mama. Unafika ugenini na beji nyeusi kifuani, karavati shingoni, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi kengele inakuamsha uanze mazoezi, usome maandiko, upate na chai ya asubuhi isiyo na chai (mnajua wenyewe, kwetu chai na kahawa ni mwiko). Hakuna wa kukupikia. Posho ya mwezi ni ya kubana, ukiila mgahawani wiki ya kwanza, wiki ya nne mtakula mkate na maji. Kabla hujaondoka, jifunze mchuzi mmoja unaoweza kuupika ukiwa umechoka. Jifunze kufua kola ya shati jeupe kwa mkono na kushona kifungo. Abidjan ina unyevu. Shati ulilovaa jana huwezi kulirudia leo kama unavyofanya hapa mwezi wa sita.

Bukari, ugali wetu, usiitafute sana. Ukizidiwa na hamu, agiza placali na mchuzi wa bamia. Ni muhogo uliochachuka, ladha yake ni nyingine kabisa, lakini unaumega kwa mkono na tumbo linatulia.

Sasa mwenza. Rais wa misheni, kiongozi wa wamisionari wa eneo lile, ndiye anayewapanga wawili wawili, na uhamisho huja kila baada ya wiki sita. Unaweza kukaa na mtu mmoja wiki hizo sita, au zaidi. Mnaamka pamoja, mnapanda gbaka (basi dogo la abiria) moja, mnarudi pamoja saa tatu usiku, mnalala chumba kimoja. Kanuni inataka msipoteane machoni, isipokuwa mmoja akiwa bafuni. Hata waliooana wanapumzishana mmoja anapokwenda kazini. Nyinyi hamna nafasi hiyo.

Mmoja wa wenza wangu alitoka Madagaska. Alikula wali asubuhi, mchana na usiku. Akishapakua, ule ukoko ulioungua chini ya sufuria aliumwagia maji na kuirudisha jikoni mpaka yachemke. Kwetu ukoko ni wa kukwangua na kugombania, kwa hiyo nilimuuliza anafanya nini. Akanijazia kikombe: maji ya rangi ya dhahabu, yenye harufu ya kuungua kidogo. Yanaitwa ranovola, na kwao ndiyo ya kuteremshia chakula. Siwezi kusema nilifurahia. Lakini alikaa akaanza kunieleza habari za kwao, yeye ambaye mpaka siku hiyo alinijibu ndiyo na hapana tu, na tangu hapo tukawa tunaambiana mambo, hata yale madogo.

Kila wiki mnatakiwa mkae muongee wazi jinsi mnavyoishi. Wenza wengi wanakipitisha kikao hicho mbio mbio, "mimi sina neno", halafu Jumatano wananuniana kwa sababu ya sabuni. Semeni habari ya sabuni siku ya kikao. Anayekoroma aambiwe anakoroma. Mkishindwa, kuna rais wa misheni, na kumpigia si umbea.

Huko nje, kwa kweli, watu walitupokea vizuri kuliko nilivyotegemea. Ukiingia ua wa watu Yopougon, mtaa wa Abidjan, unapewa kiti, unaletewa maji, ndipo unaulizwa habari zilizokuleta. Fuata utaratibu huo. Anayefungua kitabu kabla ya maji anaonekana hakulelewa.

Swali moja tu jiandae nalo ukiwa bado hapa. Kuna siku mtu atakuangalia wewe, Mwafrika, akuulize unafanya nini katika kanisa lililowanyima watu weusi ukuhani. Ni kweli. Ilikuwa hivyo mpaka Juni 1978, wakati wa Spencer W. Kimball, rais wa Kanisa. Mwaka 2013 Kanisa lilichapisha maelezo marefu yanayokataa nadharia zilizotumiwa zamani kuhalalisha zuio lile. Yasome nyumbani, uulize wazee wako, ulie kama ni kulia. Kijana anayeisikia habari hiyo mara ya kwanza mlangoni kwa mtu anaitumia siku nzima akijitetea badala ya kuzungumza. Mimi nilikuwa najibu kwamba ni kweli, kwamba iliniuma, na kwamba bado niko hapa. Wengine waliniaga hapo hapo, wengine waliniongezea maji.

Simu ya Jumatatu sasa. Zamani mmisionari aliongea na wazazi Krismasi na Siku ya Mama, basi. Siku nyingine ni kuandikiana tu. Tangu Februari 2019 tunaruhusiwa kupiga kila wiki, siku ya maandalizi, ambayo kwetu ilikuwa Jumatatu. Wazazi walishangilia, na mimi pia. Ila simu hiyo imeleta kazi yake.

Mama anaanza vizuri: "Mutoto yangu, unakula?" Baadaye simu inazunguka nyumba nzima. Mdogo wako amefukuzwa shule kwa sababu ya minerval, ada ya shule. Mwenye nyumba amepandisha kodi. Shangazi anauliza lini utamtumia kitu, kwa sababu mtaani wanaamini unakula dola za Wamarekani. Waelezeni ndugu mapema, kabla ya safari, mbele ya baba: mmisionari halipwi mshahara. Familia inachangia kadiri ya uwezo wake, na mfuko wa Kanisa unajaza panapopungua. Posho ni ya chakula na usafiri. Mkishalisema mkiwa ninyi nyote sebuleni, simu haitaanza na maombi ya pesa.

Wazazi, msigeuze simu hiyo kuwa kikao cha familia. Kijana hawezi kutatua kodi ya nyumba akiwa Abidjan, lakini atakwenda nayo barabarani wiki nzima. Wala msimfiche makubwa. Nkambo wangu, mzazi wa wazazi wangu, alipofariki, baba mdogo alitaka nisiambiwe mpaka nirudi, ili nisivunjike moyo. Mama alikataa. Alimtafuta kwanza rais wa misheni, ili mtu mzima awe karibu nami, kisha akanipigia siku ya katikati ya wiki. Nililia kilio changu jikoni, mwenza amekaa pembeni hasemi kitu. Ningejua baadaye kwamba Jumatatu zote zile walicheka nami huku kaburi limekwishafungwa, nisingewaamini tena. Huyo baba mdogo bado tunabishana.

Mengine ni madogo. Kuogelea hakuruhusiwi, hata ukiwa unaitazama bahari. Wasichana utakaowaona kanisani waache kanisani. Kuhusu safari ya hekaluni kabla ya misheni: waliotutangulia walilazimika kwenda mpaka Johannesburg, tangu Aprili 2019 liko la Kinshasa, na la hapa kwetu lilitangazwa 2020. Panga mapema safari na ruhusa, usingoje wiki ya mwisho.

Viatu, chukua jozi mbili za soli nene, zilizokwishavaliwa kidogo. Vipya vitakutoa malengelenge. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikae mkononi pamoja na pasipoti, isiingie kwenye sanduku, na picha yake iachie nyumbani. Kapenta (dagaa wakavu) atakayokupa mama ifunge kwenye mifuko mitatu, mbali na mashati meupe.