Baba alitubu saa ya mwisho. Je, mateso ya mama yamefutika?

*Shangazi, shikamoo. Baba alimpiga mama zaidi ya miaka 20. Mkono wake wa kushoto haunyooki mpaka leo. Wiki mbili kabla hajafariki, baba alimwita mchungaji akatubu. Siku ya mazishi tukaambiwa yuko peponi, kama yule mwizi wa msalabani. Nilitoka nje nikalia. Biblia si inasema kila mtu atalipwa kwa matendo yake? Imani yangu inayumba.*
*Kifungua Mimba*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama kwenye ule mkono. Kwanza ujue hili: kuuliza haki ya mama yako iko wapi si kukosa imani. Zaburi zimejaa watu wanaouliza hivyo hivyo.

Sasa huyo mwizi, aliyesulubiwa kando ya Yesu akaahidiwa kuwa naye peponi. Watu hukimbilia ile ahadi ya peponi wakaruka maneno aliyoyasema mwenyewe. Fungua Luka 23:41. Anamwambia mwenzake kwamba wao wawili wanapokea malipo waliyostahili kwa matendo yao. Hakutafuta wa kumsingizia. Na kusamehewa kote kule, hakushushwa msalabani. Baadaye askari walikuja wakamvunja miguu, yeye na yule mwenzake. Yohana ameliandika hilo, 19:32. Rehema ilimkuta mle mle ndani ya malipo yake, na miguu ikavunjwa vilevile.

Mstari unaokusumbua, Warumi 2:6, una mizizi kwenye Agano la Kale. Zaburi 62:12 inamwambia Bwana kwamba fadhili ni zake, na papo hapo kwamba yeye humlipa kila mtu. Kwa pumzi moja! Sisi ndio tuliovitenganisha, huyu akashika neema, yule akashika matendo. Mimi naamini anayesamehe ni yule yule aliyeona kila kitu, usiku baada ya usiku, nyumbani kwenu. Asingeona, angesamehe nini?

Baba yako yuko wapi, sijui. Mwizi aliambiwa na Yesu mwenyewe. Mchungaji, kwa heshima zote, hakuwa na ruhusa ya kutoa uhakika huo, tena mbele ya mwanamke mwenye mkono ule.

Kuna jambo hukuliandika, nami limeniuma: baba alimwita mchungaji, je, alimwita na mama pia? Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, alipoguswa na Yesu alisema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Toba yake ilifika kwa watu aliowaumiza. Kama ya baba yako iliishia kwa mchungaji, basi mama yako bado anadai, na kulisema deni hilo si kumtukana marehemu. Mungu anaweza kumsamehe baba bila kumtaka mama anyamaze.

Kwa hiyo usiende kumhubiria, wala usimharakishe asamehe ili wewe upate usingizi. Kaa naye siku ambayo hamna wageni, umwulize hotuba ile ya mazishi ilimfikaje. Halafu nyamaza, umwache aongee, hata akirudia jambo lile lile mara kumi.

Na huo mkono, kama haujawahi kuonwa na daktari wa mifupa, mpeleke.