Faiba tupu au nusu mpira? Anza na boti itakapolala

Ndugu aliyeuliza anataka boti ya mita 6 hivi, injini moja ya nje. Siku nyingine abebe wazamiaji, siku nyingine akavue, na amekwama kati ya boti ya faiba (fiberglass) tupu na ile yenye tumbo gumu, yaani sehemu ya chini inayokaa majini, na mipira ya hewa pembeni. Nimefanya kazi na zote mbili, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona.

Hoja kwamba moja inakata mawimbi kuliko nyingine tuiweke kando, ingawa wachangiaji wengi wameikazania. Kinachokata wimbi ni umbo la tumbo. Tumbo lenye V kali, nyuzi 22 hadi 24 kule nyuma, linakwenda vizuri liwe na mipira au lisiwe nayo, na tumbo bapa litakuumiza mgongo vilevile. Boti hizi za tumbo gumu na mipira zilianzia chuo cha Atlantic College, Wales, miaka ya 1960: Desmond Hoare na wanafunzi wake waliona sakafu laini za boti za mpira zinachakaa haraka, wakaziwekea mbao chini. Waokoaji wa baharini wa Uingereza, RNLI, wakaingiza boti ya aina hiyo, Atlantic 21, kazini mwaka 1972.

Tofauti yenyewe utaiona boti ikisimama. Mipira ikigusa maji, watu wanne wakihamia upande mmoja boti inalala kidogo tu, halafu inatulia. Mzamiaji anakupa mkanda wake wa uzito, anashika kamba ya pembeni, anapiga mapezi na kujivuta kifua juu ya mpira. Kwenye faiba yenye ukingo mrefu lazima apande ngazi, na bahari ikichafuka ngazi hiyo inapanda na kushuka usawa wa kichwa chake. Mimi hilo linanitisha kuliko wimbi lolote la njiani. Hata ukiegesha ubavuni mwa chombo kingine, mpira unapokea kishindo ambacho faiba ingekilipia kwa ufa.

Gharama yake ni nafasi. Boti ya upana wa mita 2.4 yenye mipira ya nusu mita kila upande inakubakizia mita 1.4 ya kusimama. Kwa uvuvi ni finyu, tena ndoana, visu na miiba ya samaki viko jirani na mpira siku nzima.

Sasa swali ambalo hukulitaja: boti italala wapi? Ikilala majini, kwenye nanga, mwaka mzima, chukua faiba. Chaza wakishika kwenye mpira, kuwakwangua bila kuujeruhi ni kazi ya subira kubwa, na jua halipumziki. Jua pia linachezea presha: mpira uliojazwa presha ya bar 0.25 asubuhi kwenye nyuzi 20, ukipigwa na joto la nyuzi 45 juu ya trela unakaribia bar 0.36, na viungo vya gundi ndivyo vinavyoteseka. Punguza hewa ukiiacha juani, ongeza ukishaishusha majini, kwa sababu maji yanaipoza na mipira inalegea.

Kama una trela na kivuli, na wazamiaji ndio watakaokulipa, nenda na mipira, lakini siyo ya plastiki ya PVC. Chagua ile ya mpira wa viwandani ambao watu bado wanauita Hypalon, ingawa kampuni ya DuPont iliacha kuutengeneza mwaka 2010 na sasa mpira wa aina hiyo unatoka kwa wengine. Inavumilia jua na petroli vizuri zaidi, na kiraka chake kikibandikwa kwa gundi ya kuchanganya, sehemu zikiwa kavu, kinashika.

Ukinunua iliyotumika, jaza kila chemba ya hewa ndani ya mipira, paka maji ya sabuni kwenye valvu na kwenye mishono, kisha urudi kesho yake uibonyeze kwa kidole gumba. Chemba moja ikilegea kuliko wenzake, tafuta povu hapo. Na kwa boti yoyote kati ya hizo mbili, shika mguu wa injini, uupandishe na kuushusha kwa nguvu huku mwenzako akiangalia ubao wa nyuma unaoibeba. Ubao ukicheza, mbao za ndani zimeoza. Usilipe hata ukipunguziwa bei.