Nyumba inayotazama ziwa: kabla hujanunua vioo vya tinti

Mkuu, umeuliza kama uweke vioo vya tinti kwenye sebule yako ya Luchelele, hapa Mwanza, kwa kuwa jioni jua la upande wa ziwa linakutia kiwi. Nakusihi usianze navyo. Mimi nilianza navyo hapa Nyegezi, nikavitoa.

Jua linasumbua kwa muda wa saa mbili tatu tu jioni, ila kioo cheusi kinakunyima mwanga kutwa nzima. Saa nne asubuhi tulikuwa tunawasha taa. Mama mkwe akitaka kuchambua mchele aliligeuzia ziwa mgongo, ungo magotini, akaufuata mwanga wa mlangoni.

Fundi akasema turefushe upenu, yaani paa linalotokeza nje ya ukuta. Piga hesabu: saa 11 jioni jua la Mwanza bado liko nyuzi kama 27 kutoka upeo wa macho. Dirisha la kimo cha mita 1.2 linataka upenu wa mita 2.3 na ushee, na saa 12 hata huo hautoshi. Ukuta wa kaskazini ndio wenye nafuu: hata Juni jua la mchana liko nyuzi 64 hivi, sentimita 60 zinatosha.

Halafu kuna maji. Jua likishuka, mng'ao unaruka kutoka ziwani kwenda juu na kupita chini ya upenu wowote. Kwangu ulikuwa unacheza darini, unatetemeka kama mawimbi yenyewe.

Kilichonisaidia ni fremu mbili za mbao zenye luva (vibao vya mlazo vyenye nafasi kati yake), zinateleza kwenye reli ukingoni mwa kibaraza, nje ya kioo. Jioni tunavuta moja mbele ya jua, nyingine tunaiacha wazi, ziwa tunaliona. Ukipenda mapezi ya wima, yaani mbao zilizosimama mbele ya dirisha, yageuze pembe. Huku karibu na ikweta, Machi na Septemba jua linatua magharibi kabisa na kupenya katikati ya mapezi yaliyonyooka.

Pia nilitoboa dirisha pana, fupi, juu kwenye ukuta wa kusini, na dari nikapaka nyeupe. Hili watu wanalipuuza mno! Mwanga ukitoka upande mmoja tu, ukuta wa dirisha unakuwa giza na kioo kinazidi kuumiza macho.

Kabla ya kufunga linta, ile boriti ya juu ya madirisha, nenda kiwanjani saa 11 jioni na kiti. Kaa pale sofa itakapokuwa, uone jua na maji vinakupigia wapi. Kisha weka mchoro hapa, ukiwa na alama ya kaskazini, tuutazame pamoja.