Fundi wa kufunga hita ya gesi nyumbani

Dada yetu wa Ujiji, umeuliza kama fundi bomba aliyekutengenezea choo anafaa pia kukufungia hita ya gesi ya kuogea. Mimi nisingemkabidhi, hata kwa bei nafuu, mpaka anionyeshe kazi ya gesi aliyokwisha kuifanya na mwenye nyumba aithibitishe, kwani gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hutuama sakafuni ikisubiri cheche. Hita isifungwe ndani ya bafu lisilopitisha hewa, maana moto wake waweza kutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu ambayo haina harufu. Kabla hujammalizia fedha yake, apake povu la sabuni kwenye kila kiungo mbele yako. Mapovu yakifura, akaze upya. Anayepima uvujaji kwa kiberiti, mwondoe siku hiyo hiyo.