Mchoro wa ukutani na uchaguzi: jibu refu kwa aliyeuliza kama ni kupoteza rangi

Mkuu, swali lako kwa kifupi ni hili: kikundi chenu cha vijana kimepata ukuta na rangi kidogo, uchaguzi unakaribia, na mnataka kuchora picha ya kuhamasisha watu wajiandikishe na wakapige kura. Je, kuna atakayetoka nyumbani kwa sababu ya picha hiyo, au mtakuwa mmepamba mtaa tu? Walionitangulia wamegawanyika. Wengine wanasema sanaa ina nguvu, wengine wanasema hiyo rangi pakeni shule. Mimi nimeshiriki shughuli hizi kwa miaka, kwenye kuta, maigizo ya barabarani na mabango ya kitambaa, na naona pande zote mbili zinaitazama picha iliyokamilika wakati mambo yote hutokea kabla haijakamilika.

Picha peke yake haimwandikishi mtu. Anayepita hapo kila siku ataitazama mara mbili tatu, baada ya hapo haioni tena. Kinachomtoa mtu nyumbani ni kuombwa ana kwa ana na mwenzake, kisha kuonyeshwa pa kwenda. Na hili limepimwa. Mwaka 1998, katika mji wa New Haven nchini Marekani, watafiti wa siasa Alan Gerber na Donald Green waliwagawa kwa bahati nasibu wapiga kura wapatao 30,000: wako waliogongewa mlango, wako waliopigiwa simu, wako waliotumiwa barua, na wako walioachwa kama walivyo. Waliogongewa mlango walijitokeza zaidi kwa kiwango kinachoonekana wazi. Barua zilisaidia kidogo. Simu hazikusaidia kitu. Miaka michache baadaye Green na wenzake wakajaribu sherehe ndogo karibu na vituo vya kupigia kura, za muziki na watu kukaa pamoja, nazo zikaongeza idadi ya waliojitokeza, ingawa hakukuwa na mahubiri yoyote.

Kwa hiyo uchukulieni mchoro wenu kama kisingizio, na ni kisingizio kizuri kweli, cha kuwakusanya watu wikendi kadhaa mfululizo wakiwa na kazi mikononi na jambo la kubishania. Ubishi huo ndio mnaoutafuta.

Nikupe mfano nilioushuhudia. Kikundi kimoja nilichofanya nacho kazi kiliamua kuchora foleni ya kituo cha kupigia kura: watu wamesimama, mlango, sanduku la kura. Siku ya kuchora mistari kwa chaki likazuka swali la nani awe mbele. Kijana mmoja akasema mzee mwenye mkongojo. Mama mmoja akamkatalia, mjamzito kwanza. Wakaanza kuulizana kituoni huwa inakuwaje hasa, nani hupishwa na kwa amri ya nani, na ikaonekana kila mmoja ana kanuni yake kichwani. Ndipo jamaa anayetumia kiti cha magurudumu, ambaye muda wote alikuwa pembeni akikoroga rangi, akasema: "Nichoreni popote mnapotaka, maana kwenye kituo chenyewe sifiki. Kuna ngazi."

Wengi pale walishapiga kura kwenye kituo hicho na hawakuwahi kuzitilia maanani zile ngazi. Wiki iliyofuata barua ikaandikwa kwa wasimamizi wa uchaguzi wa eneo hilo, ikasainiwa na watu waliokuja kuchora tu. Haikujibiwa. Wakaenda ofisini, wakaambiwa mhusika hayupo, wakarudi tena. Mwishowe ikawekwa njia ya mteremko ya mbao, imepigiliwa ovyo na inatikisika ukiikanyaga, lakini kiti kilipita. Halafu lipo lililonifurahisha zaidi: katika kwenda na kurudi ofisini, baadhi ya waliosaini waligundua kuwa majina yao hayamo kwenye daftari la wapiga kura, na fomu zilikuwa palepale mezani. Ukutani jamaa alichorwa katikati ya foleni, kwa ombi lake mwenyewe. Alisema amechoka kupishwa.

Aliyeifanya njia hii, ya sanaa kuzaa ubishi na ubishi kuzaa hatua, kuwa mfumo kamili ni Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo wa Brazili. Mwaka 1992 alichaguliwa kuwa diwani wa jiji la Rio de Janeiro, akahudumu kuanzia 1993 hadi 1996, na badala ya kukaa ofisini kusubiri malalamiko alisambaza vikundi vya maigizo mitaani. Namna yenyewe ni hii: igizo fupi linaonyesha mtu anayeonewa, na linaisha vibaya. Kisha linarudiwa tangu mwanzo. Safari hii yeyote katika watazamaji anaruhusiwa kupiga kelele "simama!", akaingia jukwaani, akachukua nafasi ya anayeonewa na kujaribu njia nyingine. Waigizaji wanamkazia, hawamrahisishii. Wasaidizi wa Boal waliandika yaliyopendekezwa, wanasheria wakayageuza kuwa miswada, na katika kipindi chake sheria 13 zilipita.

Mojawapo ilihusu vibanda vya simu za barabarani. Vilikuwa vikubwa, vimening'inia kwenye nguzo, chini hakuna kitu. Fimbo ya kipofu inapapasa ardhini, inapita chini ya kibanda bila kugusa chochote, naye anakuja kukigonga kwa kichwa. Sheria ikataka chini ya kila kibanda kuwe na kitako kilichoinuka ambacho fimbo itakigusa kwanza. Mtu mwenye macho angekaa miaka mingapi kwenye kamati ndipo alifikirie hilo? Ukumbi wenye vipofu wanaoigiza ulilifikia haraka. Ndiyo maana nikiulizwa kama ni ukuta au igizo, huwa naegemea igizo, hasa pale ambapo watu wamekata tamaa na kura. Anayesema "hawa wote ni walewale" humshindi kwa kauli mbiu. Mpe nafasi ya kuigiza huyo kiongozi kwa dakika tano, abanwe maswali na jirani zake, uone atakavyobadilisha maneno.

Kauli mbiu nazichukia, niseme tu. "Kura yako, sauti yako" imechorwa kuta ngapi duniani? Aliyekwisha kuamini haihitaji, na asiyeamini anaiona kama tangazo la serikali. Kama lazima muandike maneno, andikeni tarehe ya mwisho ya kujiandikisha na mahali pa kujiandikisha, kwa herufi kubwa kuliko jina la mfadhili.

Muziki nao una somo lake. Januari 2011 nchini Senegal, marapa wa kundi la Keur Gui na waandishi wa habari, wakiwa wamechoshwa na kukatika umeme kila siku, walianzisha vuguvugu la Y'en a marre, yaani "tumechoka" kwa Kifaransa. Wangeweza kuishia kutoa nyimbo za kulalamika. Wao wakazunguka vitongojini kuwasukuma vijana wachukue kadi za mpiga kura, wakitumia majina yao na nyimbo zao kufungua milango. Machi 2012 Rais Abdoulaye Wade alishindwa katika duru ya pili. Sisemi ni muziki uliomshinda, sababu zilikuwa nyingi na upinzani ulikuwa mpana. Nasema wimbo ulifika mahali ukampa kijana kazi ya kufanya kesho asubuhi. Wimbo wenu, ukuta wenu, igizo lenu, ukimaliza kumgusa mtu halafu hana pa kwenda, hisia ile inapoa kabla hajafika kwake.

Kwa hiyo siku za kuchora, meza ya uandikishaji iwepo. Ombeni mamlaka ya uchaguzi ilete maofisa, na kama sheria yenu hairuhusu kuandikisha nje ya ofisi, basi awepo mtu mwenye kujua utaratibu, nyaraka gani zinahitajika na ofisi inafungwa saa ngapi. Iwekeni kando ya ndoo za rangi kabisa. Mtu anayesubiri zamu ya brashi ana dakika kumi za bure, na ndizo mnazozihitaji. Katika nchi nyingi uandikishaji hufungwa wiki kadhaa kabla ya siku ya kura, kwa hiyo mchoro unaozinduliwa wiki ya uchaguzi umechelewa kwa wasioandikishwa. Pigeni hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo ya kufungwa.

Sasa, watu wengi hawatashika brashi kwa sababu wanaamini hawajui kuchora, na wazee hawapandi ngazi za ukutani. Mradi wa Mural Arts wa jiji la Philadelphia, ulioanza mwaka 1984 kama juhudi za kupambana na maandishi ya ukutani na tangu hapo umetoa kazi zaidi ya 4,000, una mbinu ninayoipenda. Picha inagawanywa vipande kwenye kitambaa chepesi, sehemu za rangi zinachorewa mipaka na kupewa namba, kisha watu wanapaka wakiwa wamekaa mezani, kila namba na rangi yake. Vitambaa hupelekwa hata magerezani. Vikishakauka vinabandikwa ukutani kwa gundi maalumu na wachoraji wanamalizia maungio. Mtoto wa miaka sita anapaka, bibi wa miaka themanini anapaka, na kwa kuwa wamekaa meza moja kwa saa mbili, wanaongea. Mkipata kitambaa kinachofaa na gundi ya akriliki mtaweza. Jaribuni kipande kidogo kwanza kwenye ukuta wenyewe, maana ukuta unaotoka unyevunyevu utakibandua chote.

Wanawake waliodai haki ya kura Uingereza walifanya kitu cha aina hiyo kwa sindano. Chama cha Artists' Suffrage League, kilichoanzishwa mwaka 1907, kilisanifu mabango ya kitambaa kwa ajili ya maandamano makubwa ya London ya Juni 1908, na wanawake wakakaa pamoja kuyadarizi. Sheria ilikuja mwaka 1918, tena kwa waliotimiza miaka 30 wenye sifa fulani tu, na usawa kamili na wanaume ukaja 1928. Kwa hiyo mfadhili akikuuliza "matokeo yako wapi" baada ya miezi mitatu, mwambie hivyo.

Kuhusu hofu yako kwamba watu hawataupenda mchoro: wasiupende, mradi waulizwe. Edi Rama, alipokuwa meya wa Tirana nchini Albania kuanzia mwaka 2000, alianza kupaka majengo ya kijivu rangi kali, la kwanza likiwa la rangi ya chungwa. Ofisa wa Ufaransa aliyesimamia fedha za Umoja wa Ulaya akataka kazi isimamishwe, rangi hazikuwa za viwango vyao. Wakazi wakaulizwa maswali mawili. Kwa simulizi ya Rama mwenyewe, asilimia 63 walisema wanazipenda na 37 hawazipendi, lakini walipoulizwa kama kazi iendelee, nusu ya wasiozipenda walitaka iendelee. Nusu ya wapinzani! Watu ambao mji wao haukuwahi kuwauliza chochote walikuwa wamepata jambo la kubishania, na hawakutaka kunyang'anywa. Nanyi pelekeni michoro mitatu ya majaribio mahali penye watu, wekeni sanduku na karatasi, wapigie kura mchoro wanaoutaka, kwa siri, na kura zihesabiwe hadharani. Mkifanya hivyo, anayepiga kura kwa mara ya kwanza ameshajua karatasi inavyokunjwa na kura inavyohesabiwa, na aliyeshindwa ameona kushindwa kulivyo. Matokeo myaheshimu hata kama ushindi umeangukia mchoro mbaya. Mkichakachua hapo, fungeni kikundi.

La upendeleo wa vyama nitalipitia haraka kwa sababu linajulikana: sura ya mgombea yeyote isiwepo, hata aliyestaafu. Rangi zikaguliwe na watu wa pande zote kabla ya kopo kufunguliwa, kwani rangi mbili zikikaa jirani kwa bahati mbaya zinaweza kusomeka kama bendera ya chama na kazi yote ikapakwa chokaa usiku. Ukuta uwe na ruhusa ya maandishi ya mwenyewe. Na usiwe karibu na kituo cha kupigia kura, maana sheria za nchi nyingi zinazuia chochote kinachofanana na kampeni eneo hilo, na ofisa mwenye mashaka hatatumia muda kuwasikiliza mkijieleza.

Mwisho ni jambo ambalo vikundi vingi hulisahau: siku baada ya matokeo. Mwaka 2011 msanii Candy Chang alipaka rangi ya ubao wa darasani kwenye nyumba iliyotelekezwa New Orleans, akaandika kwa kurudiarudia mwanzo wa sentensi moja, "kabla sijafa nataka...", akaacha nafasi na chaki. Ukuta ukajaa, na wazo hilo limeigwa katika nchi zaidi ya 70. Ichukueni mbinu hiyo, mbadilishe sentensi. Acheni theluthi moja ya ukuta wenu iwe ubao mweusi wenye safu tatu: alichoahidi aliyeshinda, tarehe aliyoahidi, na kimefika wapi. Safu ya kwanza na ya pili ziandikwe kwa rangi ya mafuta ili mvua isifute na mtu asibadilishe. Ya tatu iwe ya chaki, na mteue watu wawili wasio wa upande mmoja wa kuijaza kila mwezi. Chaki wakae nayo wao.