Shemeji alikuja kwa wiki mbili, huu ni mwezi wa nane

"Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu tumepanga chumba na sebule Mbagala, tuna watoto wawili. Mwezi wa kwanza mdogo wake mume wangu alikuja kutoka Songea kwenye usaili, akasema atakaa wiki mbili. Kazi hakupata, na hajaondoka. Analala sebuleni mpaka saa nne asubuhi, na watoto wakirudi shule hawana pa kuandikia. Umeme, maji, chakula, vyote juu yetu. Nimenuna, nimeacha kulipia king'amuzi, nimepika dagaa wiki nzima, akaomba ndimu. Mume wangu nikimwambia, ananijibu: 'Ni damu yangu, nitamwambiaje?' Nimeanza kufikiria kurudi kwetu."

Marahaba, mwanangu. Hapo kwenye ndimu nimecheka, unisamehe.

Kurudi kwenu usithubutu. Ukiondoka, watabaki ndugu wawili na sofa yao, na habari itakayofika Songea ni ya mke mwenye roho mbaya. Na kununa acha. Miezi minane hii ameshaizoea sura yako, pengine anadhani ndivyo ulivyoumbwa.

Sote tunaujua ule msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku hizi watu wanautaja kana kwamba jembe ni la kumfukuzia mtu. Jembe ni la kulimia. Siku ya tatu mgeni anahesabiwa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani ana zamu yake. Huyu wako hajapewa jembe hata siku moja: unampakulia, unamfulia (usinibishie, najua unamfulia), kisha usiku unalia. Wala usijione mchoyo. Hata Waislamu wana hadithi ya Mtume kwamba ugeni ni siku tatu, kinachozidi hapo ni sadaka, na si halali mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake dhiki.

Ila wa kusema ni mumeo. Neno likitoka kwako ni chuki ya mke. Likitoka kwake ni kaka anaongea na mdogo wake. Usimwanzie na "huyo ndugu yako", atageuka wakili. Tokeni nje, maana chumba na sebule hakina siri, umwonyeshe hesabu kwenye daftari: LUKU ya elfu kumi ilikaa siku ngapi kabla ya Januari na sasa inakaa ngapi, unga kilo ngapi kwa wiki. Kisha mwombe kitu kimoja tu, tarehe.

Na huyo kijana naye mfikirieni. Mjini hapa wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu, wengine sita, kwa mkupuo. Asiye na kazi ataitoa wapi? Na kurudi Songea mikono mitupu anaona aibu. Ukimwambia "ondoka" hana pa kwenda, ndiyo maana anajifanya hasikii. Mumeo amwambie hivi: "Mdogo wangu, mwisho wa mwezi wa tisa sebule nairudisha kwa watoto. Ukitaka kwenda nyumbani, nauli ipo. Ukitaka kubaki, tafuta mwenzako mchangie chumba, nami nitaongezea kwenye kodi ya kuanzia." Mpaka siku hiyo, jembe: saa kumi na mbili asubuhi godoro limekunjwa, maji ateke yeye, watoto awafuate shule yeye.

Mumeo akiendelea kuumauma maneno, mpigieni baba yao mdogo, au shangazi yao. Mama mkwe muacheni kwanza, hasa kama huyu ni kitinda mimba wake.

Na hao dagaa basi. Siku ya kuondoka mchinjie kuku, Songea akasimulie kuku.