Maswali ya Wasomaji: Shakwe Mwenye Pete ya Kijani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mvuvi wa Mtongwe. Kaskazi hii, asubuhi moja tukipasua samaki dikoni, alitua shakwe mkubwa mwenye mgongo mweusi na miguu ya manjano, na mguu mmoja ulikuwa na pete ya kijani yenye maandishi meupe. Wenzangu wawili walisema ni ndege wa ujasusi, mmoja akasema ametumwa na mtu, na kijana mmoja akataka kumnasa kwa mshipi wenye chambo ili tuisome pete hiyo. Nilimkataza, lakini moyoni sikuwa na hakika kama nilifanya sawa. Ni nani huwavisha ndege pete, kwa faida gani, nami nilipaswa kufanya nini? (Mvuvi, Mtongwe)

JIBU: Ndugu yetu wa Mtongwe, ulifanya sawa kabisa. Ndoana ingemjeruhi ndege huyo, na kumnasa ndege wa mwituni bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Zaidi ya hayo, taabu yote ingekuwa ya bure, kwa kuwa pete ya rangi hutengenezwa makusudi ili isomwe kwa mbali bila ndege kuguswa.

Kazi ya kuwavisha ndege pete kwa utafiti ilianza kwa utaratibu mwaka 1899, mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen, alipowafunga kwezi wa mji wa Viborg pete za alumini zenye namba na anwani. Pete za chuma bado zinatumika hadi leo, ila zina kasoro moja kubwa: namba zake ni ndogo mno, hivi kwamba mara nyingi husomwa pale tu ndege anaponaswa tena au anapookotwa amekufa. Ndiyo maana watafiti wa ndege wakubwa kama shakwe huongeza pete ya plastiki ngumu, ambayo aghalabu huwa na tabaka mbili za rangi tofauti. Herufi huchongwa kwenye tabaka la juu mpaka rangi ya chini ijitokeze, na maandishi yale yale hurudiwa kuizunguka pete ili yasomeke upande wowote ndege atakaogeukia. Mtu mwenye darubini nzuri anaweza kuyasoma akiwa umbali wa zaidi ya mita mia.

Kuhusu ujasusi, wenzako si wa kwanza kuwaza hivyo. Mwaka 2013 huko Misri korongo mmoja alizuiliwa kwa tuhuma hiyo hiyo, na kilichodhaniwa kuwa chombo cha kijasusi kikabainika kuwa kifaa cha wanasayansi waliokuwa wakifuatilia safari zake. Pete ya plastiki haina hata hicho kifaa: haina betri, haitoi sauti, wala haipeleki habari kwa mtu yeyote. Ni maandishi tu, na yasiposomwa na mtu ni sawa na barua iliyobaki ndani ya bahasha.

Kwa maelezo yako, ndege uliyemwona yaelekea ni shakwe mgongo-mweusi. Msimchanganye na yule mwenye kichwa cha rangi ya masizi na mdomo mrefu mnene wenye ncha nyekundu, ambaye huzaliana kwenye visiwa vya Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden na ambaye wavuvi wa pwani yetu wanamfahamu zaidi. Migongo-mweusi wanaofika Afrika Mashariki hutoka hasa katika pande mbili, yaani Ufini na nchi nyingine za kando ya Bahari ya Baltiki, na nyika za baridi za kaskazini mwa Urusi. Wale wa Ufini hushuka kupitia mashariki ya Bahari ya Kati, hufuata bonde la Mto Nile, na wengi wao hukaa Ziwa Viktoria kipindi chote cha baridi ya kwao. Kutoka Helsinki hadi Mombasa, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 7,000, na ndege hafuati mstari ulionyooka. Hata hivyo siwezi kukuambia kwamba kijani ni Ufini au ni Urusi, kwa sababu rangi moja hutumiwa na miradi mingi, na kinachomtambulisha ndege mmoja ni rangi ya pete, rangi ya maandishi, herufi zenyewe, mguu uliovaa na aina ya ndege, vyote kwa pamoja. Huko Ulaya kuna umoja uitwao EURING, ulioanzishwa mwaka 1963, unaounganisha vituo vya pete vya nchi mbalimbali ili habari ya ndege mmoja isipotee kati ya mipaka.

Sasa nije kwenye kile ulichopaswa kufanya, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wetu tunapoharibu. Andika tarehe, saa na mahali. Andika rangi ya pete na rangi ya maandishi. Kisha andika mguu, na mguu ni wa ndege, si wa kwako: akikutazama uso kwa uso, mguu wake wa kushoto uko upande wako wa kulia, na dikoni penye zogo la wachuuzi na mama karanga kosa hilo hufanyika kwa kufumba na kufumbua. Taja pia kama pete iko chini au juu ya kile kiungo kinachopinda kwenda nyuma, ambacho sote huita goti ingawa kwa kweli ni kifundo cha mguu. Maandishi kwa kawaida husomwa kutoka chini kwenda juu. Usiridhike haraka, kwani shakwe hupenda kusimama kwa mguu mmoja na kuuficha mwingine ndani ya manyoya, nawe unaweza kuondoka ukidhani hana pete ya chuma kumbe anayo.

Na herufi usiyoiona vizuri, usiibuni. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye mlango wa Mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, jua likinipiga usoni na upepo ukiitikisa darubini, nikasoma pete ya shakwe aliyesimama kwenye tope. Herufi ya mwisho ilikuwa imepakwa tope nusu yake. Niliona kilichofanana na P, nikaandika P kwa mkono usiotetemeka, nikatuma. Jibu lilikuja kwa adabu: pete yenye maandishi hayo ilikuwa bado ndani ya kisanduku cha mtafiti, haijavalishwa ndege yeyote. Yamkini ilikuwa R, au B, au F, nami kwa kutaka taarifa iliyokamilika nikawa nimeizamisha hata ile nusu niliyoiona sawasawa. Laiti ningeandika herufi mbili za mwanzo na kuweka nukta mahali pa ya tatu, wangeweza kutafuta kati ya ndege wachache. Tangu siku hiyo huwa natia shaka 8 na B, 5 na S, C na G, na magharibi ikiingia hutia shaka hata buluu na nyeusi.

Wewe una faida ambayo mtazamaji wa ndege kutoka bara hana, nayo ni kuyajua maji. Siku za bamvua, maji yakipwa, shakwe hutawanyika mbali kwenye mafungu na darubini haifui dafu. Yakianza kujaa yanawasukuma taratibu kuelekea ufukweni, na hapo ndipo pa kusubiri, jua likiwa mgongoni mwako, bila kuwakimbilia. Ukiwa na simu, piga picha nyingi. Ukizituma kwa WhatsApp zitapungua ukubwa na kupoteza tarehe, kwa hiyo itunze ile ya asili. Taarifa ipeleke kitengo cha ndege cha Makumbusho ya Taifa, Nairobi, au kwenye tovuti ya EURING. Kwa kawaida utajibiwa ndege alivishwa pete lini na wapi, na mara nyingi utaelezwa wengine waliomwona njiani. Ukimwona tena ndege yule yule wiki ijayo, tuma tena, kwa sababu kurudi kwake dikoni ni habari, na kurudi mwakani ni habari kubwa zaidi. Shakwe wa aina hii wamejulikana kuishi zaidi ya miaka 30, na idadi ya wanaorudi kuonekana mwaka hadi mwaka ndiyo inayowawezesha watafiti kukadiria wangapi hufa na wangapi husalia. Kwa wale wa Baltiki, ambao wamepungua sana, hesabu hiyo si ya mchezo.

SWALI: Ikiwa siku hizi kuna vifaa vya setilaiti, kwa nini watu bado wanahangaika na pete za kusoma kwa macho? (Mwanafunzi, Kisauni)

JIBU: Swali zuri, na jibu lake ni uzito, fedha na muda. Desturi ya watafiti ni kwamba kifaa kisizidi kama asilimia 3 ya uzito wa ndege, na kwa shakwe wa gramu 800 hiyo ni gramu 24 pamoja na kamba za kukifungia mgongoni. Vifaa hivyo vipo, vingi hutumia nguvu ya jua, na shakwe wa Ufini wamefungwa, ndiyo maana njia yao ya Nile inajulikana kwa undani. Lakini bei yake ni kubwa, hivyo hufungwa ndege wachache, na aghalabu kifaa huharibika miaka mingi kabla ndege hajafa. Pete ni ya bei nafuu, huvalishwa mamia ya makinda viotoni, na inaweza kudumu miongo. Kifaa hueleza kwa kina safari ya ndege mmoja, ilhali pete hueleza kidogo kidogo maisha ya kundi zima. Mimi ningelazimishwa kuchagua kimoja, ningechagua pete, ingawa najua wapo watakaonipinga.

SWALI: Mwanangu ameokota ufukweni shakwe aliyekufa mwenye pete ya chuma, na pete ameshaivua. Tuirudishe? (Mzazi, Kibokoni)

JIBU: Kwanza mtoto aoshe mikono kwa sabuni, na mara nyingine asimshike ndege aliyekufa kwa mikono mitupu, kwa sababu ya homa ya ndege. Kisha iweke pete juu ya karatasi nyeupe, uinakili kila namba na kila neno lililopo, hata jina la mji, na upige picha ya pande zote. Eleza kama mzoga ulikuwa mpya au umeoza, maana tarehe ya kuokotwa si lazima iwe tarehe ya kifo. Peleka taarifa Makumbusho kama nilivyomwelekeza ndugu wa Mtongwe. Kinachohitajika ni namba, na zikishathibitishwa kwamba zimesomwa sawa, kwa kawaida pete yenyewe mtoto huachiwa akae nayo.